Butembo Airlines na sheria za anga: namna njia ya Mongbwalu–Butembo iliingia mbele ya Umoja wa Mataifa

Kwa jamaa za Eringeti, ndege si anasa. Barabara ya kitaifa namba 4, inayotoka Beni na kupita Oicha na Eringeti hadi Komanda, imepoteza watu wengi tangu mauaji ya raia yalipoanza mwaka 2014. Mwenye pesa ya tiketi anapanda ndege Mavivi. Asiye nayo anangoja msafara wa magari unaolindwa na wanajeshi, ao anabaki alipo. Ndiyo maana swali la ndege gani inaruhusiwa kuruka, na kwenda wapi, linawahusu raia wa hapa pia. Sehemu moja ya historia yake ilipita Butembo.

Msingi wa sheria ni mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944. Mkataba huo unasema kila nchi ndiyo yenye mamlaka juu ya anga lake. Lakini wakati wa vita vya 1998 hadi 2003, Kinshasa haikuwa na mkono juu ya viwanja vya ndege vya Kivu na Ituri. Kila kundi lilisimamia uwanja wake, na ndege zilitua bila mtu wa kuuliza karatasi. Silaha ziliingia, dhahabu ikatoka.

Tarehe 28 Julai 2003, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1493: marufuku kupeleka silaha kwa makundi ya Kivu mbili na Ituri. Muda si mrefu ilionekana kwamba marufuku ya silaha haina nguvu kama ndege zenyewe hazichunguzwe. Aprili 2005 likaja azimio namba 1596. Serikali za eneo hili ziliombwa kukagua hati za kila ndege na leseni za marubani, kukataza ndege zenye karatasi za uongo ao zilizopitwa na wakati, na kuandika katika daftari safari zote kati ya nchi zao na Kongo.

Ndipo Butembo ikatajwa. Tarehe 29 Machi 2007, kampuni ya Butembo Airlines, BAL, iliwekwa kwenye orodha ya vikwazo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ilieleza kwamba mwenye kampuni, Kambale Kisoni, alitumia ndege zake kubeba dhahabu, chakula na silaha za kundi la FNI kati ya Mongbwalu na Butembo. Siku ileile waliorodheshwa pia wanunuzi wawili wa dhahabu wa Kampala, Machanga na Uganda Commercial Impex. Kwa hiyo biashara nzima ilifuatwa, toka machimbo mpaka sokoni, na ndege ilikuwa kiungo cha katikati. Kisoni alikufa Butembo tarehe 5 Julai 2007, na jina lake likaondolewa Aprili 2008. Jina la kampuni lilibaki. Tangu Desemba 2008, BAL haikuwa tena na leseni ya kurusha ndege katika Kongo.

Watu wengi huchanganya vikwazo hivyo na orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya, iliyotoka Machi 2006. Hiyo ni habari nyingine. Ulaya iliangalia usalama wa abiria, ikaona kwamba Kongo haisimamii vizuri makampuni yake ya ndege. Orodha hiyo inakataza kuruka kwenda Ulaya. Haikatazi safari ya Beni–Bunia ao Beni–Kinshasa. Mzigo wa kukagua ndege za ndani ulibaki kwa Kongo yenyewe, ambayo ilipata sheria yake mpya ya anga tarehe 31 Desemba 2010. Lakini sheria peke yake haizuii ajali. Tarehe 24 Novemba 2019, ndege ndogo iliyotoka Goma kuja Beni ilianguka juu ya nyumba za watu mara tu baada ya kuruka.

Leo mambo yamegeuka. Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ulifungwa. Februari, Kinshasa ikafunga anga lake kwa ndege zilizoandikishwa Rwanda. Zamani shida ilikuwa ndege kutua bila ruhusa. Sasa shida ni kwamba hata dawa na chakula cha wahami wa vita vinakosa mahali pa kutua.

Kufunga njia ya silaha ni jambo la haki, na historia ya Mongbwalu inaonyesha sababu. Lakini kila njia ya anga inapofungwa, mzigo unarudi barabarani. Na barabarani ndiko anakopita mama wa Eringeti anayetafuta hospitali, na mkulima anayebeba kakao yake kwenda Beni. Wanaoandika sheria za anga wangepaswa kuhesabu pia usalama wa barabara hiyo.