Kadi za Lyon: Mashine Mpya, Unyonyaji Ule Ule

Wako wataalamu wanaohubiri kwamba mashine za nguo zinazoongozwa na kompyuta zitamkomboa mzalishaji mdogo, kwa kuwa zinaweza kutoa mita chache za nakshi moja na mara hiyo hiyo kuanza nyingine. Uwezo huo ni wa kweli. Ukombozi ni jambo jingine, na historia imekwisha kulipima.

Mjini Lyon, Ufaransa, kufuma hariri yenye maua kulihitaji msaidizi, mara nyingi mtoto, wa kuvuta kamba ili kuinua nyuzi za mtande. Mwaka 1804 Joseph-Marie Jacquard, akiendeleza majaribio ya Bouchon, Falcon na Vaucanson, aliikabidhi kazi hiyo kwa kadi zenye matundu. Penye tundu sindano hupita na uzi huinuliwa. Pasipo tundu uzi hubaki chini. Ukitaka ua jingine hubadili mashine, wabadili kadi. Ndiyo au hapana: hiyo ndiyo lugha ya kompyuta pia, na tangu 1983, kampuni ya Bonas ilipoonyesha mashine ya kielektroniki mjini Milan, hata kadi zenyewe hazikuwa za lazima tena.

Lakini ni nani aliyenufaika? Mfumaji wa Lyon aliimiliki mashine yake, tena ndefu hata akalazimika kupanga nyumba yenye dari ya juu huko Croix-Rousse. Mfanyabiashara alimiliki hariri, michoro na soko. Basi kazi ilipokosekana, hasara ya mashine iliyolala ilikuwa ya mfumaji. Kazi ilipopatikana, ujira ulipangwa na tajiri. (Leo badala ya mchoro soma faili, na badala ya mfumaji soma fundi mwenye mashine ya mkopo.)

Oktoba 1831 wafumaji walipata mapatano ya kima cha chini cha ujira. Baadhi ya matajiri wakakataa kuyatekeleza. Novemba 21 wafumaji waliteremka kutoka Croix-Rousse na bendera nyeusi, wakauteka mji. Serikali ilipeleka jeshi na Marshal Soult, mapatano yakafutwa. Aprili 1834 waliinuka tena, wakazimwa kwa damu.

Mwaka 1835 Michel Derrion alifungua mjini humo duka la ushirika. Liliuza vyakula. Hariri na michoro vilibaki kwa wafanyabiashara, na mwaka 1838 duka likafungwa.