Biashara Ilipita Mikese Kabla ya Chuo

Lori la mzigo wa Lubumbashi likitoka bandarini Dar es Salaam hupita Mikese kabla halijafika Morogoro mjini. Mwaka 1871 msafara wa Henry Morton Stanley ulipita hapo Mikese kuelekea mji wa Simbamwene, ambako mtawala alitaka hongo yake, yaani ushuru wa kupita. Hesabu za safari zilikuwa hesabu kwelikweli: mikono 4 ya merikani, kitambaa cha pamba, ni shuka, shuka 2 ni doti, na Stanley alikuwa ameambiwa Unguja kwamba doti 10 kwa siku zingelisha watu 100. Aliyekosea hesabu alikwama porini na wapagazi wenye njaa. Mitaji ilitoka kwa Wahindi wa Unguja, nguo zilifumwa Marekani, pembe za ndovu zikaishia Ulaya na Bombay. Biashara ya kimataifa ilipita Mikese kila msimu, na walioiendesha waliisomea njiani na dukani.

Chuo kilipofika jirani, kilikuja kwa ajili ya watawala. Mwaka 1953 wakoloni walifungua Mzumbe, kwenye barabara ya Iringa, shule ya serikali za mitaa kwa machifu na makarani wao. Daftari walilofundishwa kulifunga lilikuwa la kodi. Azimio la Arusha la 1967 likaweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, na mashirika yakahitaji mameneja. Mwaka 1972 Mzumbe ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, kile ambacho wengi hadi leo wanakiita IDM. Wahasibu na maofisa utawala wake walitapakaa nchi nzima. Kwa maoni yangu hakuna chuo kilichofanya kazi kubwa kuliko hicho katika elimu ya uongozi nchini, ingawa mwajiri aliyekuwa akilini mwake alikuwa mmoja tu: serikali.

Nairobi walipita njia nyingine. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Marekani, chenye makao San Diego, kilifungua tawi dogo huko, binafsi, lisilo la dini wala la serikali, na biashara ikawa nguzo yake. Serikali ya Kenya ilikipa hati kamili mwaka 1999, miaka 30 baadaye. Na tazama maajabu: mwaka 2001 mzazi wa San Diego aliungana na chuo kingine na jina lake likapotea, lakini mtoto wa Nairobi bado analibeba.

Tanzania mlango wa vyuo vikuu binafsi ulifunguliwa kwa sheria mwaka 1995, na waliotangulia kuingia walikuwa hasa madhehebu na madaktari, si wenye mitaji ya biashara. Morogoro yenyewe ilipata Chuo Kikuu cha Waislamu mwaka 2005, katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Wasalvatoria, shirika la Kikatoliki, nao wana chuo cha Jordan. Wote wanafundisha biashara, na sababu haijifichi: uhasibu hauhitaji maabara wala maiti ya kupasua. Ukiwa na mhadhiri, ubao na madawati, umeanza. Kutoka Uganda, Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichoanzishwa mwaka 2001, nacho kikaweka tawi Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Lakini chuo binafsi cha namna hiyo huishi kwa ada. Muhula ukianza na viti vitupu, mshahara wa mhadhiri ndio unaosubiri. Bodi ya Mikopo ilipoanza kazi mwaka 2005, mwanafunzi wa chuo binafsi naye aliweza kuomba, kwa hiyo sehemu ya ada ya vyuo hivyo ikawa inatoka hazina. Mwaka huohuo Tume ya Vyuo Vikuu iliundwa kwa sheria mpya, ikawa ndiyo inayotoa ithibati na kuiondoa. Mzumbe nayo haikukaa kando: ilikuwa chuo kikuu tangu 2001, na ikafuata wateja hadi Dar es Salaam kufundisha shahada ya uzamili ya biashara kwa watu wanaotoka kazini jioni. Mwenye chuo kidogo cha biashara leo anashindana na serikali ileile inayompa kibali, na inayomkopesha mwanafunzi wake.