Diwani Wako Aliinua Mkono Upande Gani?

Simama asubuhi sokoni Bombambili, au teremka Lizaboni, uulize watu diwani wao ni mtu wa namna gani. Hutakosa majibu. Utaambiwa huyu ni mtu wa watu, haachi msiba umpite. Yule hapokei simu. Fulani alitoa bati za zahanati. Sasa uliza swali la pili: ushuru ulipopandishwa, diwani wako aliunga mkono au alipinga? Hapo watu watatazamana. Si kwamba hawafuatilii. Hawajui kwa sababu hakuna mahali palipoandikwa.

Jambo hili lina historia yake, na leo tuifuate kidogo.

Septemba 1965 ulifanyika uchaguzi wa kwanza wa Bunge chini ya mfumo wa chama kimoja. Katika majimbo mengi TANU ilisimamisha wagombea wawili, mmoja akapewa alama ya jembe na mwenzake nyumba, maana wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Wote wawili walikuwa wa chama kimoja, wenye sera moja, wakipanda jukwaa moja. Mwananchi angewapambanua kwa lipi? Kwa tabia, kwa ukaribu, kwa jinsi mtu alivyosalimia wazee. Na wananchi hawakufanya mzaha, kwani hata Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alikipoteza kiti chake. Tulijifunza mapema kumpima kiongozi kwa nafsi yake. Kumpima kwa kura anayoipiga akiwa ndani ya kikao hatukufundishwa.

Waheshimiwa nao walipata funzo lao. Oktoba 1968 wabunge kadhaa, akiwemo Joseph Kasella Bantu, walifukuzwa TANU kwa kwenda kinyume na chama, na kufukuzwa chama kulikuwa na maana ya kupoteza ubunge. Aliyebaki ndani alielewa kwamba msimamo unaojulikana ni wako una gharama.

Sisi wa Songea tuna kisa chetu, tena kinauma. Miaka ile ya sitini vijiji vya Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, Litowa kikiwa mbele, vilikuwa vikijiendesha vyenyewe. Watu walikaa mkutanoni, wakajadili shamba, shule na mgawanyo wa mapato, wakaamua pamoja mbele ya macho ya wenzao. Mwalimu Nyerere alivipenda vijiji hivyo. Hata hivyo, Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Waliozoea kuamua wakitazamana walipokea uamuzi uliotoka katika chumba kilichofungwa. Haukuja na majina ya walioafiki na waliokataa, ulikuja kwa jina la kikao. Mimi huona kwamba tangu siku hiyo mkoa wetu ulijua tofauti ya mambo hayo mawili, ingawa hatuisemi.

Kisha yakaja Madaraka Mikoani mwaka 1972, na halmashauri zenyewe zikafutwa. Za miji zilirudi mwaka 1978. Za wilaya zilisubiri sheria za mwaka 1982 na kuanza upya mwaka 1984, mwaka ambao Mwalimu mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta lilikuwa kosa. Kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichokua bila diwani wa kumwuliza chochote. Waliporudi, tuliwapokea kama wageni wa heshima, tukasahau kwamba tumewatuma.

Sasa tuingie ukumbini. Mimi nimekaa viti vya nyuma katika vikao vingi vya baraza la madiwani mkoani humu, daftari mapajani. Kikao kimoja, halmashauri siitaji, kulikuwa na sheria ndogo ya kupandisha ushuru wa mazao. Mwenyekiti akauliza: wanaoafiki? Ukumbi ukaitika ndiyooo. Wasioafiki? Kimya, na mtu mmoja akakohoa. Muhtasari ukaandikwa kwamba Baraza limeridhia. Baadaye nilizungumza na madiwani wanne, mmoja mmoja, na kila mmoja aliniambia yeye hakuwa upande ule. Basi ndiyo ile ilitoka kwenye viti?

Isitoshe, mara nyingi jambo huwa limekwisha amuliwa kabla ya Baraza kuketi, katika kikao cha madiwani wa chama chenye wengi. Huko mwandishi haingii, na mwananchi haingii. Tunachokiona ukumbini ni muhuri tu.

Wenzetu walilitazama jambo hili zamani. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, inasema theluthi moja siyo lazima, hata moja ya tano ya wajumbe waliohudhuria wakitaka, majina ya waliosema ndiyo na waliosema hapana yaandikwe kitabuni. Bunge la Uingereza lilianza kuchapisha rasmi orodha za namna hiyo mwaka 1836. Nao hawakuwa malaika. Waliotuma watu walitaka tu kujua watu wao wamefanya nini.

Kwetu mjadala huo ulilipuka mwaka 2014 katika Bunge Maalumu la Katiba pale Dodoma. Wiki zilipita wakibishana: kura iwe ya wazi au ya siri? Waliotaka siri walisema vyama vitawaandama wajumbe wao. Mwisho ikakubaliwa kila mmoja achague mwenyewe. Othman Masoud Othman, Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akachagua wazi, akakataa baadhi ya ibara huku nchi ikimsikia. Oktoba hiyohiyo akaondolewa katika wadhifa wake. Kwa hiyo hofu ya wale waliotaka siri haikuwa ya kubuni, na nisingependa kuidharau. Lakini tuangalie na upande wa pili: mwaka 2021 mtu huyo aliteuliwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, na hakuna aliyehitaji kuuliza alisimamia nini. Ya kwangu mimi mpiga kura ni siri kwa kuwa ni mali yangu. Diwani anapoinua mkono, anauinua mkono wa kata nzima.

Na ukosefu wa majina huzaa fujo. Januari 2020 Meya wa Jiji la Dar es Salaam, Isaya Mwita, alipoondolewa kwa kura ya kutokuwa na imani naye, ubishi mkubwa haukuwa juu ya utendaji wake. Watu walibishana kama akidi ilitimia.

Tangu mwaka 2016 ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, inayompa raia ruhusa ya kuomba karatasi za ofisi ya umma. Muhtasari hautakuambia nani alisema ndiyo. Utakuta orodha ya waliohudhuria, waliotoa udhuru na wasiotoa. Chukua mihutasari ya mwaka mmoja, vikao vinne vya kawaida, uhesabu jina la diwani wako linatokea mara ngapi. Kisha mkutano wa kata ukiitishwa, mwulize mbele ya watu: katika kikao kile cha ushuru, mheshimiwa, ulisema nini? Na uandike jibu lake, na tarehe.