Kioo, Jua na Jiwe la Ivuna

UE inanukia na maktaba imejaa, lakini leo niacheni niongee historia kidogo, tena ya kwetu Songwe. Ukitaja mkoa wetu hapa chuo, jamaa wanakumbuka Tunduma tu: foleni ya malori, mpaka na wabadilisha kwacha. Sawa, hayo yapo. Ila kuna kubwa zaidi.

Tuanze na kioo. Mwanga mweupe ni mchanganyiko wa rangi. Ndani ya kioo rangi hizo hazina mwendo mmoja: nyekundu inakwenda takriban kilomita 198,000 kwa sekunde, urujuani kama 196,000. Inayopunguzwa mwendo zaidi ndiyo inayopinda zaidi, basi rangi zinatawanyika. Newton alianza kulichunguza hili kwa prizimu miaka ya 1660. Mwaka 1814 Fraunhofer, fundi vioo wa Ujerumani, akachunguza mistari myeusi iliyojaa katika rangi za jua. Kuanzia 1859 Kirchhoff na Bunsen wakaonyesha kwamba kila elementi ina mistari yake, kama alama za vidole.

Maana yake? Unaweza kujua jua limeundwa na nini bila kufika huko! Mwaka 1868 ukaonekana mstari wa njano ambao haukulingana na elementi yoyote iliyojulikana. Lockyer akasema ni kitu kipya, ndo jina heliamu likazaliwa, kutoka neno la Kigiriki la jua. Ramsay akaipata maabara mwaka 1895.

Sasa twende Momba. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kama gramu 705 tu. Wengi wanakijua kile cha Mbozi, chuma cha tani kama 16. Haka kadogo ndiko kenye maajabu: ukiacha gesi nyepesi, uwiano wa elementi zake unakaribiana sana na ule uliosomwa kwenye mwanga wa jua. Ni mabaki ya mwanzo wa mfumo wa jua. Vimondo vya aina hiyo duniani kote vinaitwa kwa herufi CI, na hiyo I ni Ivuna. Hata udongo ambao Wajapani waliuleta kutoka Ryugu mwaka 2020 umelinganishwa nacho.

Na heliamu je? Mwaka 2016, mwaka ule ule mkoa wetu ulipozaliwa, watafiti walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina heliamu nyingi, itokanayo na urani na thori kwenye miamba ya kale. Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, Momba hiyo hiyo, kikaitoa.

Kipande kikubwa cha jiwe letu kiko London, makumbusho ya huko ilikipata 2008. Watoto wangapi wa Ivuna wanajua kwamba jina la kijiji chao liko kwenye vitabu vya sayansi vya dunia nzima? Jiwe liliondoka kimya kimya. Gesi nayo ikiondoka, angalau safari hii wawepo vijana wa Momba wanaojua kuisoma kwa kioo. Wa fizikia na jiolojia mliomo humu, mnasemaje?

Haya, narudi kwenye notsi. Siku njema!