Mizani na Ubao: Elimu, Kahawa na Haki Katika Miteremko ya Kilimanjaro

Makada wetu wanapojadili haki katika jamii, wengine huanza na shule na wengine huanza na uchumi, kana kwamba hayo ni mambo mawili. Historia ya wakulima wa Masama, Machame na miteremko mingine ya Kilimanjaro yaonyesha kwamba hayatenganishiki.

Katika miaka ya kwanza ya utawala wa Waingereza, walowezi walipinga Mwafrika kulima kahawa. Walisingizia magonjwa ya mimea. Lakini kilichowasumbua hasa ni kwamba mtu mwenye kahawa kihambani mwake hana haja ya kuuza nguvu zake kwa mlowezi. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, wakiongozwa na Joseph Merinyo, karani aliyesoma. Bila elimu ile, nani angeandika barua za kuwajibu walowezi? Wakoloni hawakupenda chama kinachojiamulia mambo. Baada ya sheria ya ushirika ya 1932, nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, iliyoandikishwa 1933, na meneja wake akawa Mwingereza, A. L. B. Bennett. Wakulima walilazimishwa kuuza kahawa yote kwa njia hiyo, na mwaka 1937 wakafanya ghasia. Hawakuukataa ushirika. Walikataa kuamuliwa.

Hata hivyo fedha za kahawa zilijenga madarasa, zikilipia karo pia, juu ya msingi uliowekwa na misheni. Wakati wa Uhuru, Kilimanjaro ilikuwa imeitangulia sana mikoa mingine kwa elimu. Hapo ndipo palipozuka tofauti mpya: mtoto wa mlimani alikuwa na nafasi ambayo mtoto wa Kigoma hakuwa nayo. Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, yote ya 1967, yalilenga kuivunja hali hiyo. Mwaka 1969 ikatungwa sheria iliyoziweka shule za mashirika ya dini mikononi mwa umma, na baadaye nafasi za sekondari zikagawanywa kwa mikoa. Wapo wazee wa Kilimanjaro ambao hawajasahau uchungu wake. Mimi nasema hatua ile ilikuwa ya haki, ingawa wazazi walioikwepa kwa kujenga sekondari zao wenyewe hawakuwa wahujumu, walikuwa wazazi.

Kosa letu lilikuwa upande wa uchumi. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na kazi zao zikapewa mamlaka za mazao na vijiji. Ni kweli vyama vingi vilikuwa na wizi na upendeleo, lakini badala ya kumpa mwanachama uwezo wa kuwadhibiti viongozi wake, tulimwondolea chombo chenyewe. Sheria ya 1982 ilirudisha ushirika, KNCU ikafufuliwa 1984, na mwaka huohuo Mwalimu Nyerere alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa.

Nilipokuwa darasa la tatu, bibi yangu wa Masama alirudi kutoka kuuza kahawa na stakabadhi asiyoweza kuisoma. Nilimsomea uzito, nikamsomea bei, nikamsomea makato. Akaniuliza, "Makato ya nini, baba?" Sikujua. Shule ilinifundisha kuzisoma tarakimu zile. Haikunifundisha kumwuliza karani aliyeziandika.

Chuo cha Ushirika Moshi kilianzishwa 1963 kwa ajili ya swali kama lile. Leo ni chuo kikuu, nacho kimetoa wataalamu wengi. Lakini tangu soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi katikati ya miaka ya 1990, mkulima amesimama mbele ya mizani zaidi ya moja, na vihamba vimegawanywa kwa warithi hadi vingine havilishi kaya. Ada ya shule ya msingi iliondolewa, kisha ya sekondari hadi kidato cha nne kuanzia 2016. Kijana wa Masama sasa anamaliza kidato cha nne bila karo. Akienda kwenye mkutano wa chama cha msingi, je, anafahamu kudai hesabu za mwaka zisomwe mbele ya wanachama?