Kutoka Mwenyeji hadi Mtumaji: Kanisa Mahalia na Utegemezaji wa Wamisionari Kusini mwa Ziwa Victoria, 1877–1976, na Funzo Lake kwa Buhongwa

Utangulizi

Suala la kuwategemeza wamisionari limezoeleka kujadiliwa kana kwamba ni wajibu wa makanisa ya Ulaya na Marekani pekee, huku kanisa la Afrika likitazamwa kama mpokeaji. Mtazamo huo umeathiri hata namna waumini wenyewe wanavyojieleza: misheni ilijenga shule, misheni ilileta dawa, misheni ilimlipa mwalimu. Insha hii inadai kwamba historia ya pwani ya kusini ya Ziwa Victoria haiungi mkono mtazamo huo kikamilifu. Hakuna mmisionari aliyeishi katika eneo hilo bila kutegemezwa na wenyeji. Kilichobadilika kutoka kipindi kimoja hadi kingine ni namna ya utegemezaji huo, na zaidi ya yote, ni nani aliyehesabiwa kuwa mtumaji.

Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa Jiji la Mwanza, katika barabara kuu iendayo Shinyanga. Mbele yake ni Usagara, ambako njia ya kuelekea Kigongo huchepuka. Na upande huo ndiko iliko Bukumbi, mojawapo ya vituo vya mwanzo kabisa vya Wamisionari wa Afrika katika ukanda wa Ziwa. Kwa hiyo waumini wa Buhongwa, wa madhehebu yoyote, wanaishi kati ya mji unaokua na chimbuko la Ukristo wa eneo lao. Swali linaloongoza mjadala huu ni hili: historia hiyo inalifundisha nini kanisa mahalia linalotaka kuwategemeza wahubiri wake na kuwashirikisha wengine imani yake?

Mgeni na Mwenyeji Wake, 1877–1890

Wamisionari wa kwanza wa Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, maarufu kama CMS, walifika Kageye, mashariki ya Mwanza ya leo, mwanzoni mwa mwaka 1877. Kabla ya mwaka huo kumalizika, viongozi wawili wa msafara huo, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi kati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama kifo cha mashahidi. Hata hivyo, likitazamwa kwa upande wa uhusiano wa mgeni na mwenyeji, linaonesha jambo jingine: mmisionari aliyeingia katika ugomvi wa watu ambao hakuwa amewafahamu vya kutosha hakuwa na ulinzi wowote, hata kama alikuwa na fedha, mashua na watumaji wenye nguvu nyuma yake.

Mapadre wa Kardinali Lavigerie, waliokuja kujulikana kama Mapadre Weupe, walifika Kageye mwishoni mwa mwaka 1878 wakielekea Buganda. Walipolazimika kuondoka Buganda mwaka 1882, walirudi kusini mwa ziwa na mwaka uliofuata wakaanzisha kituo Kamoga, katika utemi wa Bukumbi. Ardhi walipewa na mtemi. Chakula kilitoka katika mashamba ya Wasukuma waliowazunguka, kwa zawadi, kununua au kubadilishana. Lugha waliifunza kutoka vinywani mwa wenyeji. Huo ulikuwa utegemezaji halisi, ingawa haukuandikwa katika daftari lolote la wafadhili.

Umuhimu wa kituo hicho ulidhihirika mwaka 1888, wamisionari wa madhehebu yote mawili walipofukuzwa Buganda. Walisafiri pamoja katika boti moja ya CMS, ambayo ilitobolewa na kiboko njiani, na baadhi ya watoto waliokuwamo wakafa maji. Walionusurika waligawanyika: Waprotestanti walikwenda kwa Alexander Mackay huko Usambiro, kusini mwa ghuba ya Mwanza, na Wakatoliki wakaenda Bukumbi. Waganda waliobatizwa au waliokuwa wakijiandaa kubatizwa waliwafuata. Hata Kabaka Mwanga, baada ya kupinduliwa, alipata hifadhi Bukumbi mwaka 1889. Mackay alifariki Usambiro Februari 1890, na Mei mwaka huohuo Jean-Joseph Hirth aliwekwa wakfu kuwa askofu palepale Bukumbi. Kwa muda mfupi, pwani hii ya Usukuma ikawa ndiyo iliyoibeba misheni ya Buganda.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo inatoa kipimo kizuri cha kipindi kilichofuata. Katika vituo vingi, mgeni hakupewa jembe. Badala yake yeye ndiye aliyegawa majembe. Jumuiya ya kwanza ya Kamoga ilikuwa na watoto wengi waliokombolewa kutoka utumwani, ambao walilelewa, kulishwa na kufundishwa na misheni. Hapakuwa na lawama katika huruma hiyo. Lakini athari yake ya kihistoria ilikuwa kwamba usharika ulianza ukiwa kundi la wanaolishwa, na mwenyeji taratibu akageuka kuwa mgeni katika kanisa lililojengwa juu ya ardhi yake.

Mwalimu wa Kijijini na Mtumaji Asiyeonekana, 1890–1945

Mfano tofauti ulitoka ng'ambo ya kaskazini ya ziwa. Chini ya Askofu Alfred Tucker, Kanisa la Anglikana Buganda lilishikilia kwamba walimu na wachungaji Waafrika watunzwe na michango ya waumini wenyewe, si fedha za chama cha Uingereza. Katika miaka ya 1890 walimu wa Kiganda walisambaa nje ya nchi yao, wengine wakifika Nasa, kituo cha CMS katika Usukuma. Apolo Kivebulaya alifika Mboga, katika Kongo ya leo, mwaka 1896, na alifariki huko mwaka 1933. Kwa hiyo, miongoni mwa wamisionari waliofanya kazi Usukuma wamo Waafrika waliotoka katika kanisa la Kiafrika. Jambo hili mara nyingi limepotea katika masimulizi kwa sababu neno mmisionari limehifadhiwa kwa ajili ya Mzungu, na Mwafrika akaitwa mwalimu au msaidizi.

Mwaka 1909 CMS ilikabidhi Nasa kwa Africa Inland Mission, chama kilichoanzishwa na Peter Cameron Scott mwaka 1895. Chama hicho kilifuata utaratibu ambao wamisionari hawakuahidiwa mshahara maalumu. Waliishi kwa sala na kwa matoleo ya waumini na makanisa yaliyowatuma. Huu ulikuwa mfano wa wazi wa usharika wa kawaida, wenye watu wa kipato cha kawaida, kumbeba mtu mmoja kwa miaka mingi katika nchi ya mbali. Hata hivyo, Wasukuma waliona matokeo ya utaratibu huo bila kuuona utaratibu wenyewe. Nyumba, dawa na vitabu vilionekana Nasa. Mjane au mkulima aliyetoa senti zake alibaki ng'ambo ya bahari. Ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba misheni ina mali, ilhali ukweli ni kwamba misheni ilikuwa na watoaji.

Wakati huohuo, kazi ya kila siku ya kueneza imani ilikuwa mikononi mwa makatekista na walimu wa vijijini. Wao ndio waliofundisha sala, kusoma na kuandika, waliotembelea wagonjwa na kuzika wafu pale ambapo padre au mchungaji alifika kwa nadra. Serikali ya kikoloni ilipoanza, katika miaka ya 1920, kutoa ruzuku kwa shule za misheni zilizotimiza masharti yake, mgawanyiko ulijitokeza. Mwalimu mwenye cheti katika shule iliyotambuliwa alipata mshahara wa uhakika. Katekista wa shule ya msituni alibaki na posho ndogo na hisani ya kijiji. Imani ilienezwa na yule aliyelipwa kidogo zaidi.

Usukuma haukukosa utamaduni wa kubebana. Nzengo, yaani ujirani wa kijiji, ilikuwa na vikundi vya vijana wa kazi chini ya nsumba ntale, waliolima mashamba kwa zamu na kwa makubaliano. Msingi wa kumlimia katekista shamba lake ili yeye apate nafasi ya kufundisha ulikuwapo tayari. Hoja ya insha hii ni kwamba pale kanisa lilipoingiza huduma yake katika mfumo huo, mhubiri alikuwa wa watu. Pale lilipomlipa kutoka sanduku la misheni pekee, alikuwa mtumishi wa kituo, na kijiji kilijiona hakina deni kwake.

Uhuru, Shule na Wito wa Kujitegemea, 1945–1976

Dalili za mabadiliko ya uongozi zilikuwapo mapema. Mwaka 1917 mapadre wanne wa kwanza wazalendo walipata daraja Rubya, Bukoba, na miongoni mwao alikuwamo Celestine Kipanda wa Ukerewe, kisiwa kilekile ambako miaka arobaini awali Smith na O'Neill waliuawa. Katika Jimbo la Mwanza, Askofu Joseph Blomjous alifuatiwa mwaka 1966 na Renatus Butibubage. Kwa upande wa Africa Inland Church, uongozi nao ulihamia kwa Watanzania katika muongo huohuo wa 1960.

Hata hivyo, kubadilika kwa uongozi hakukuwa sawa na kubadilika kwa utegemezaji. Jaribio kubwa lilikuja baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za mashirika ya dini chini ya serikali. Walimu walikwenda na shule zao. Makatekista walibaki na kanisa. Kwa mara ya kwanza sharika nyingi zililazimika kujiuliza waziwazi swali lililofunikwa kwa miongo mingi: kama shule haipo na misheni inapungua, ni nani atakayemtunza anayetufundisha imani?

Swali hilo lilisikika pia nje ya Tanzania. Mwaka 1969, akiwa Kampala, Papa Paulo VI aliwaambia Waafrika kwamba sasa wao ni wamisionari kwa nafsi zao. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kenya alipendekeza kusitishwa kwa muda upelekaji wa wamisionari na fedha kutoka nje ili makanisa ya Afrika yasimame kwa miguu yao. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya AMECEA ya mwaka 1973 na 1976, walizipa kipaumbele jumuiya ndogondogo za Kikristo. Miito hii mitatu ilitofautiana kwa mkazo, lakini ilikubaliana katika jambo moja: kanisa lisilomtunza mhubiri wake halijakomaa, hata kama limejaa watu.

Funzo kwa Kanisa Mahalia la Buhongwa

Kutokana na mjadala uliotangulia, mafunzo matatu yanajitokeza. Kwanza, utegemezaji si fedha pekee. Mmisionari anayefika katika eneo hili leo, awe Mtanzania kutoka mkoa mwingine au mgeni kutoka nje, bado anahitaji kile ambacho Kageye na Bukumbi zilitoa au zilikosa kutoa: makazi, lugha, ushauri kuhusu mila, na mtu wa kumwambia ukweli kabla hajakosea. Usharika unaofanya kazi hiyo unashiriki katika umisionari hata kama hauna hazina kubwa.

Pili, anayestahili kutegemezwa kwanza ni yule aliye karibu na asiyeonekana. Ni jambo la kutafakarisha usharika unapochanga kwa ajili ya jengo na gari huku katekista au mwinjilisti aliyeufundisha akizeeka bila akiba. Ahadi ndogo inayotolewa kila mwezi na kusomwa hadharani pamoja na matumizi yake ina uzito kuliko harambee ya siku moja, kwa kuwa mhubiri hula kila siku. Historia ya Nasa inaonesha pia kwamba uwazi una thamani ya kimafundisho: watu hujifunza kutoa wanapowaona watoaji, si wanapoona mali tu.

Tatu, kushiriki imani katika kata inayopokea wahamiaji kunahitaji adabu ya ujirani. Waislamu, Wakristo wa madhehebu mengi na wafuasi wa dini za jadi wanaishi uwanja mmoja. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kila mtu kuamini, na uhuru huo ni wa jirani kama ulivyo wa mhubiri. Jumuiya ndogo inayomtembelea mgonjwa bila kuuliza dini yake inaendeleza kazi ya makatekista wa awali kwa uaminifu zaidi kuliko kipaza sauti kinachowakesha majirani.

Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kusini mwa Ziwa Victoria wenyeji walikuwa wategemezaji wa wamisionari tangu mwanzo, lakini mfumo wa misheni uliwafanya wasijitambue hivyo. Shule za ruzuku ziliahirisha swali la nani amtunze mhubiri. Sheria ya mwaka 1969 ililirudisha mlangoni pa kila usharika. Kwa Buhongwa, kutoka mwenyeji hadi mtumaji si kuanza jambo jipya. Ni kulitambua jambo la zamani, kulipangia utaratibu, na kulianza kwa katekista anayekaa mtaa huohuo.