Stara ya Taarifa: Neno Lililokataliwa

Juzi, katika duka moja la steshenari hapa Tabora, kijana alininyooshea simu yake. Programu aliyokuwa akiipakua ilimtangazia kwa kujiamini: "Ubinafsi wako ni muhimu kwetu." Akacheka. "Mwalimu, hawa wamejuaje kuwa mimi mchoyo?" Aliyetafsiri alifungua kamusi akasahau watu. Ubinafsi ni choyo, na hakuna kampuni ya kumlindia mtu choyo chake.

Wenye vikao, kwa upande wao, wametulia na "faragha". Ni neno la heshima, limo hata katika ibara ya 16 ya Katiba. Lakini asili yake ya Kiarabu ni utupu: mahali pasipo mtu, wakati usio na shughuli. Mtu huenda faragha, wawili huteta faragha. Ukirudi kwa watu, faragha umeiacha huko huko.

Jirani yangu alikopa kwa simu usiku, peke yake chumbani, mlango una komeo. Faragha gani ishinde hiyo? Alipochelewesha rejesho siku mbili, programu ile, iliyokwisha kukomba namba zote simuni mwake, ikatuandikia mimi, mkwewe na imamu wa msikiti wetu. Ujumbe ulinikuta barazani, naye ameketi mbele yangu na kikombe cha kahawa. Nilifunika simu kwa kiganja, lakini alikwisha kuniona usoni. "Wamenivua nguo, Mwalimu," alisema. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Habari hiyo haikumvika tena.

Hakusema wameingilia faragha yake. Alichovuliwa ni stara. Mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kufunika, nasi tumeulea hadi ukazaa ukoo: kusitiri, kusitirika, msitiri. Marehemu tunamsitiri kaburini. Aliyefichiwa aibu hushukuru kwamba Mungu amemsitiri. Stara huvaliwa, ukatembea nayo katikati ya soko. Na habari za nguo Tabora hatufundishwi: amerikani na kaniki zilipanda kutoka Bagamoyo mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi, zikawa fedha ya njia nzima. Asiyeridhika na nguo akatazame nyumba ya tembe iliyoko Kwihara, walikokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Mbele baraza, kuta nene za udongo, ua uko ndani. Mwenyeji wa nyumba ya namna ile aliweza kupokea msafara mzima bila kuanika ya uani.

Hoja hii niliiandikia kamati fulani. Nikajibiwa neno moja: "Imepokelewa." Baadaye, kongamanoni, bingwa mmoja kutoka pwani akanifahamisha kwamba stara ni mambo ya mavazi ya akina mama, na kwamba sisi wa bara tuache kuchezea Kiarabu. Babu zake walitembea miezi kufuata pembe huku kwetu. Yeye neno moja limemshinda kubeba.

Wapo pia wanaojitosheleza na "ulinzi", kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake. Sheria naiheshimu. Lakini ulinzi peke yake hausemi unamfaa nani. Pembe za ndovu zililindwa sana katika maghala ya Tabora, na tembo hakufaidika kwa lolote. Kampuni nayo huzifungia taarifa zetu kwa makufuli kwa kuwa imekwisha kuzihesabu kuwa mali yake. Taarifa haina aibu. Mwenye aibu ni mtu, na ndiye anayehitaji kusitiriwa.

Matumizi yenyewe ni mepesi: stara ya taarifa, sera ya stara, na zikivuja, kuvuliwa stara. Msomapo sera iliyoshonwa na kampuni yenyewe, kumbukeni tu kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

Kamati ikiitaka tena barua yangu, haina haja ya kunisumbua. Najua iliko: imekaa faragha, mahali pasipo mtu.